Vidole Vitatu na Nusu

Mimi kazi yangu ni kusukuma maji. Wengine hapa kambi ya Nakivale wanauza nyanya, wengine wanashona, wengine wanakaa mlangoni wakingoja jina lao lisomwe waende Kanada. Mimi nafunga jerikani sita kwenye baiskeli, nazisukuma kutoka bombani mpaka kwenye vihoteli vya Base Camp, penye ofisi na soko la kambi, narudi, nafunga sita nyingine. Baiskeli yenyewe siipandi, maana ukishafunga jerikani sita hakuna fasi ya makalio. Mwaka wa saba huu. Kwa hiyo walipokuja watu wa utafiti kutoka Mbarara, wakasema wanatafuta watu wenye afya kamili wanaotumia nguvu kila siku, bomba zima lilinigeukia mimi.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Mkimbizi hutafutwa akiwa na malaria, au akiwa na njaa, au akiwa na hadithi ya kuliza wageni. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitafuta kwa sababu sina kitu. Walieleza kwamba wanataka kuona damu inavyotembea katika mwili mzima usio na ugonjwa, mtu akikaa na mtu akitoa jasho. Nikaandikisha jina langu: Godeberthe, miaka ishirini na minne, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura. Nikaambiwa nitakwenda Jumanne mbili.

Nilikuwa pia na sababu ya kutaka kutoka kambini siku hizo, kwa sababu nyumbani kulikuwa kunaandaliwa kuanua matanga.

Sisi Warundi mtu akifa hatumziki tukamaliza. Ipo siku ya kufunga kilio, tunaiita kuganduka. Ndugu na majirani wanakaa pamoja, pombe ya ndizi inagawanywa, msemaji wa familia anatangaza kwamba kilio kimekwisha, na kuanzia hapo nyumba inaweza kuoa, kuoza na kucheka. Kabla ya hapo, hapana. Kwa kawaida ni mwaka mmoja. Mama yangu, Apolline, alikataa kwa miaka kumi. Marehemu ni mdogo wangu Aurore, aliyekufa akiwa na miaka sita tulipokuwa njiani kuja Uganda, na mama alikuwa na jibu moja tu: sikuona maiti, sikuzika, nitaanua nini?

Mimi sasa nina mchumba, Venuste, fundi wa baiskeli. Mtu mzuri, mkimya, mikono ina grisi mpaka siku ya misa. Wakubwa zake wakasema hawachukui mke kutoka nyumba yenye kilio. Nikamvaa mama. Miezi mitatu nilimsema asubuhi na jioni, nikamwambia anamfuga maiti na kunizika mimi niliye hai. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo huu. Mwishowe alikubali, akataja Jumamosi ya baada ya majuma mawili, bila kunitazama.

Na aliyempelekea mama habari kwamba Aurore amechukuliwa na maji, amekufa, ni mimi. Shikeni hilo.

Jumanne ya kwanza tulikwenda watu sita. Nyumba ya utafiti iko Mbarara, upande wa kwenda Bwizibwera, na asubuhi barabara hiyo ni magari ya maziwa tu. Mtu wa mashine aliitwa Musoni, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kambi ya jeshi alichorithi kwa baba yake askari. Alinipandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Nilicheka, nikamwambia kwetu baiskeli inakwenda na mtu anatembea, hapa mtu anapanda na baiskeli haiendi, Waganda mna mambo. Akacheka naye. Akanifunga mkanda wa kuhesabu moyo kifuani, akaniambia mkono wa kushoto nishike usukani, wa kulia niulaze kwenye kibao kilichokuwa kando, usifanye kazi yoyote. Juu ya kibao kulikuwa na kamera ya ajabu, inayoona joto badala ya sura, na picha yake ilitokea kwenye kioo mbele yangu.

Kabla sijaanza alinieleza, na nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Mtu akikaa, alisema, moyo unasukuma kama lita tano kwa dakika. Akifanya kazi ngumu, unaweza kufika karibu ishirini. Nikasema hiyo ni jerikani nzima. Akasema ndiyo, jerikani nzima kila dakika. Tena damu hiyo haigawanywi sawasawa: misuli ya miguu ikiitaka, mishipa yake inapanuka na kupokea nyingi, na huku tumbo na figo zinapunguziwa. Hata mkono uliopumzika unanyimwa mwanzoni, unapoa. Halafu mwili ukishachemka, mishipa ya ngozi inafunguliwa ili joto litoke, na viganja vinawaka. Nikamwambia hayo nayajua toka zamani. Wakifungulia mabomba ya Base Camp, sisi wa juu tunabaki na upepo mpaka tanki lijae. Akasema kumbe ningeweza kuwa daktari.

Nikapiga pedali. Mkono wangu kwenye kioo ukawa wa buluu, rangi ya baridi, umepoa kama alivyosema. Dakika kumi zikapita, jasho likanitoka mgongoni, na rangi ya njano ikaanza kuingia kiganjani, ikaenda kwenye vidole, ikapanda mkono kuelekea kiwiko. Nilipendezwa kuuona mwili wangu ukifanya kazi yake vizuri namna ile bila kuniuliza. Mkono wote ukawa wa njano, isipokuwa kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Pale palibaki mistari ya buluu.

Musoni aliinama karibu na kioo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita nyabo, ndio bibi kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, nani alikushika?"

Nikamwambia hakuna aliyenishika. Akauliza kama nilivaa bangili, kama nilifunga kamba. Hapana. Akaugusa mkono kwa kidole chake, akakirudisha haraka. Penye mistari palikuwa baridi kama chuma cha asubuhi, na pembeni yake ngozi ilikuwa ya moto. Alipangusa kamera. Aliweka mkono wake mwenyewe, ukaonekana safi. Akanipumzisha nusu saa, moyo ukatulia, mistari ikapotea. Akaniambia nipige tena. Jasho lilipotoka, mistari ilirudi fasi ileile.

Upande mmoja wa mkono palikuwa na alama pana ya dole gumba. Upande wa pili vidole vitatu, na cha nne kilikuwa kifupi, kiliishia katikati. Musoni alidhani kamera imekosea hapo. Mimi nilikuwa nimekwisha kumjua mwenyewe. Aurore alipokuwa na miaka minne, mlango wa chuma wa duka la jirani kule Buyenzi ulimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kikabaki nusu. Mama ndiye aliyeifunga damu ile kwa kitenge chake. Nilishuka kwenye baiskeli nikatoka nje.

Sasa niseme, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Aurore hakuchukuliwa na maji.

Tulitoka Bujumbura mwaka wa vurugu za siasa, baba akiwa amekwisha kuuawa, tukapita Tanzania, tukafika mto Kagera asubuhi yenye ukungu. Mama alivuka kwenye mtumbwi wa kwanza na mizigo, akaniambia mshike mdogo wako, mje na wa pili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa bado kwenye mafunjo, njia ni tope mpaka magotini, ndipo kelele zikaanza nyuma yetu, za askari au za majambazi, sikujua, na watu wakakimbia. Aurore alikuwa mzito, alikuwa analia kwa sauti kubwa, na mwanaume mmoja aliyekuwa akikimbia pembeni aliniambia mzibe mdomo huyo mtoto, atatuua wote. Aurore alikuwa amenishika mkono wa kulia, hapa. Nikambandua vidole. Kimoja kimoja. Kile cha nusu kilikuwa cha mwisho. Nikamwambia kaa hapa, nakuja. Nikakimbia, na yeye akawa ananiita jina.

Nilipovuka na mtumbwi wa pili, mama aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikasema maji yamemchukua, nimeona kichwa kikizama. Mama alitaka kujitupa mtoni, wanaume wanne wakamzuia. Ningesema yuko kwenye mafunjo, mama angerudi, na angempata. Hilo nimelijua kila siku ya maisha yangu, nikinywa uji, nikifunga jerikani, nikipokea komunyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi, kutoka mtoni mpaka Kabazana tulikoandikishwa, kutoka Kabazana mpaka kwenye nyumba yetu ya udongo, na haikuwa imefika mwisho.

Kwa hiyo niliporudi kutoka Mbarara nilielewa mambo hivi: mtoto alikufa kwenye mafunjo, na sasa kabla kilio chake hakijafungwa amekuja kunikamata. Nikazidi kuitaka Jumamosi ile. Nilijiambia tukishakunywa pombe yake na kumtangaza, atalala, ataniachia.

Wiki ile nilisukuma maji nikiwa nimefunga kitambaa mkononi. Asubuhi, nikiwa nafunga jerikani, hakukuwa na kitu. Kwenye kilima cha kanisa, moyo ukipiga masikioni na jasho likiingia machoni, pale mkononi panaingia baridi, kwanza dole gumba, halafu vile vingine kwa zamu. Nikisimama, nikahema, nikatulia, baridi inaondoka. Venuste alikutana nami pale siku moja akauliza mbona naangalia mkono wangu kama saa. Nikamwambia nahesabu siku za harusi. Maskini, akafurahi.

Jumanne ya pili nilitaka kukataa, lakini nilipanda gari. Nilikuwa nataka kuona kama ameondoka.

Musoni aliacha mlango wazi safari hiyo, na kwenye meza aliweka rozari ambayo mara ya kwanza sikuiona. Akaongeza uzito wa pedali. Aliniambia niende mpaka nishindwe, na mimi, mtu wa jerikani sita, sishindwi upesi. Dakika ya kumi na mbili vidole vikaja kwenye kioo, vya buluu, vimekaza kuliko vile vya kwanza. Halafu mkono wangu ukaanza kusogea.

Sikuusogeza mimi. Niliulaza pale kama nilivyoambiwa, na ulikuwa unavutwa taratibu kuelekea dirishani, kwa nguvu ya mtu aliyechoka ambaye hataki kusimama. Kibao kikaanguka. Mkono ukabaki hewani, umenyooka, umeelekea dirisha, na nje ya dirisha ni upande wa barabara ya Isingiro inayoshuka kwenda mpakani mwa Tanzania. Mguu wangu uliteleza kwenye pedali. Musoni akazima mashine, akakaa kwenye kiti, akafuta uso kwa shati.

"Damu yako ni nzuri sana," aliniambia. "Moyo nzuri, mishipa nzuri. Mimi naandika hapa: mzima. Lakini nyabo, tafadhali, usirudi."

Nikamwomba picha. Aliitoa kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa mkono, akaishika kwa ncha za vidole viwili, akaitia kwenye bahasha na kuifunga gundi.

Jumatano nilipomaliza maji niliifungua nyuma ya nyumba, mama akiwa shambani. Nilikuwa na wazo moja la kijinga, nilitaka kumpima Aurore. Nikaweka karatasi juu ya goti, nikamwita mtoto wa jirani, msichana wa miaka sita, nikamwahidi andazi anishike mkono pale. Akanishika kwa nguvu zake zote. Vidole vyake viliishia njiani, dole gumba liko huku na vidole viko kule, katikati pamebaki ngozi tupu. Nikaangalia picha. Kwenye picha dole gumba lilikuwa limekutana na kidole cha kati, likakipanda juu.

Nikampa andazi lake, aende. Nikakumbuka kule kwenye mafunjo. Mkono wangu ulikuwa mwembamba wakati ule, na bado vidole vyake havikuzunguka.

Hapo jirani anakaa binti wa Kikongo anayesuka nywele, Mariette, wa miaka kumi na sita, mcheshi kupita kiasi. Nikamwita, nikamwambia shika hapa. Akauliza kama naota, akanishika. Nikaiweka picha pembeni ya mkono wake. Dole gumba penye dole gumba. Vidole penye vidole. Tofauti ilikuwa ile nusu tu.

"Yaya," Mariette alisema, ndivyo Wakongo wanavyomwita dada, akaacha kucheka, "hapa mu mukono yako kuko baridi mingi. Hapa tu."

Nikamwambia niachie. Akaniachia, lakini baridi haikuondoka, maana moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio na mimi nimekaa kitako.

Mtu aliyekufa na miaka sita mkono wake unabaki wa miaka sita. Nani amewahi kuona maiti ikikua? Mkono ule ulikuwa umekula, umelala, umefanya kazi, umerefuka mwaka kwa mwaka fasi ambayo siijui, upande wa kule mpakani, na ulikuwa bado haujaniachia. Nililia pale mpaka kuku wakanikimbia. Nililia kwa furaha kwanza, niamini. Halafu nikakumbuka Jumamosi.

Kwani tukishafunga kilio, basi. Nani humtafuta mtu aliyetangazwa mbele ya watu na kunywewa pombe? Mama hataulizia tena kwa kila mgeni anayetoka Tanzania kama alivyokuwa akiulizia, kwa aibu, miaka yote hiyo. Na nikisema, nasema nini? Kwamba yuko hai, na kwamba mimi ndiye niliyemwacha hai. Hakuna namna ya kutoa moja bila nyingine.

Nilikaa kimya siku tatu, nieleze uovu wangu wote. Sikuogopa tena mzimu, maana hakukuwa na mzimu. Nilimwogopa mama. Nilimwogopa Venuste, na shangazi zake waliokwisha kununua vitenge. Nilijiambia kamera ni mbovu. Nilijiambia Mbarara kuna umeme mwingi, umeme unafanya mambo. Ijumaa mama alinikuta nimeupaka mkono mafuta ya moto, akanikanda mwenyewe, palepale penye alama, akauliza panauma nini. Nikasema ni jerikani.

Jumamosi ikafika. Mchana mweupe, watu wamekaa kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima, upande mmoja majirani, upande mwingine Venuste na wakubwa zake. Mama alikuwa mbele kando yangu, kichwani amefunga kitambaa cheusi kilekile cha miaka kumi, kimefuliwa mpaka kimekuwa rangi ya majivu. Msemaji wetu alikuwa mzee Anatole, mtu wa Makamba, anayejua desturi na anayependa kusikilizwa. Alieleza Aurore alikuwa nani, alitoka wapi, alikufaje. Aliposema maji yalimchukua, mama alitikisa kichwa polepole, na mimi nikashika kikombe changu cha pombe kwa mkono wa kulia nikatazama mkeka.

Halafu akafika kwenye lile swali. Kabla ya kunywa, ni lazima liulizwe, mara tatu.

"Nani ana neno na marehemu? Aliseme sasa. Tukishakunywa, limefungwa."

Watu walitazama vikombe vyao. Kuku, mtoto anayekohoa, redio ya mbali. Moyo wangu ukaanza. Nilijua sasa unavyofanya kazi, nilikuwa nausikia ukipanda kutoka lita zake tano, na sikuwa na pedali wala kilima, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na nguo ya Jumapili.

Anatole akauliza mara ya pili. Baridi ikanishika, dole gumba, halafu vitatu, halafu kile kifupi. Mkono wangu ukainuka na kikombe chake. Mimi nilijaribu kuushusha. Ukavutwa kando, juu ya magoti ya mama, kikombe kikalala na pombe yote ikamwagika kwenye mkeka, na mkono ukabaki umenyooka kuelekea Ngarama, upande wa mpakani, mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja alisema marehemu amekunywa, akafanya ishara ya msalaba. Mama hakuitazama pombe. Aliutazama mkono.

Anatole, kwa sauti ndogo kuliko zile za mwanzo, akauliza mara ya tatu.

"Mimi nina neno," nikasema. "Lakini si na marehemu."

Nikasema yote. Nilisema mafunjo, nilisema yule mwanaume, nilisema vidole kimoja kimoja. Sikumtazama Venuste, ingawa niliona viatu vyake vikirudi nyuma. Shangazi yake mkubwa alichukua mkoba akasimama, wengine wakamfuata. Nilitamani mama anipige. Kama angenipiga, tungekuwa tumefika mahali fulani. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulipomwacha, alikuwa hai?"

"Alikuwa ananiita, mama."

Akafumba macho. Nikatoa bahasha kifuani, nikampa picha, nikamweleza ya Mbarara kwa maneno machache, ya jasho na damu na alama inayokuja moyo ukienda mbio. Sijui alisikia nini katika hayo. Alikuwa ameweka kidole chake juu ya kile cha nusu, anakipapasa kwenye karatasi, kama alivyofanya kule Buyenzi alipokuwa anafungua kitenge kuona kama damu imekauka. Alikipapasa muda mrefu. Halafu akaweka mkono wake juu ya alama nzima, akaona mkono wa Aurore umekua, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Akafungua kitambaa cheusi kichwani. Akamkabidhi mzee Anatole, ambaye alikipokea kwa mikono miwili bila kujua afanye nini nacho. Nywele za mama zilikuwa nyeupe zote, na mimi nilikuwa sijui.

"Hapa hakuna matanga," mama aliwaambia watu. "Nendeni na pombe yenu."

Akanigeukia. Akauliza ile alama inakuja lini. Nikamwambia nikisukuma maji mlimani, nikipiga pedali, nikikimbia. Akauliza na ule mkono unavutwa lini. Nikasema wakati huohuo, damu ikishachemka.

"Simama," alisema. "Kimbia."

Akavua kandambili, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ambaye sijawahi kumwona akikimbilia hata mvua. Alinishika mkono wa kushoto. Tukatoka uani mbele ya watu wote, tukapita bombani, wenzangu wakasimama na jerikani zao wakitutazama, tukashika barabara ya vumbi ya kwenda Ngarama.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Miguu ilichukua damu yake, mikono yote miwili ikapoa, kama Musoni alivyosema. Nikaogopa kwamba sasa nimekwisha kusema, ameniachia. Mama alikuwa anahema vibaya. Tulipita mashamba ya mahindi, tukapita ng'ombe wa watu, jua likiwa usoni. Halafu jasho likafunguka. Mkono wa kushoto ukawa wa moto ndani ya mkono wa mama. Wa kulia nao ukawaka, kiganja, vidole, mpaka kwenye kiwiko, isipokuwa pale. Pale baridi iliingia dole gumba kwanza, ikazunguka, ikakutana na yenyewe, ikakaza. Mkono ukanyooka mbele yangu.

"Anavuta?" mama aliuliza, pumzi zikimkatika.

"Anavuta, mama."

"Basi usisimame."